Tulikwenda Kutazama Maua

(Mazungumzo yaliyotolewa Mkiwa mbele ya wahitimu wa kisomo na wanakijiji)



Tumeombwa tueleze safari yetu ya mwezi Machi. Tutaeleza yote, mazuri na ya aibu. Maana tumesikia maneno hapa kijijini: "Watu wazima wameacha mashamba yao, eti wamekwenda kutazama maua!" Leo tunayajibu maneno hayo.

Jambo lenyewe lilianza darasani. Tulikuwa tunasoma ramani ya dunia. Kijana mmoja akatoa simu yake, akatuonyesha picha za kisiwa kinachoitwa Madeira. Kisiwa hicho ni cha Ureno. Kiko katika bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa Moroko. Ni kisiwa cha milima, na kilele chake kirefu kina meta 1,862. Vijana wanakijua kwa sababu mcheza mpira Cristiano Ronaldo alizaliwa huko mwaka 1985. Lakini wageni wengi wanaokwenda huko hawafuati mpira. Wanakwenda kupumzika, kutembea kando ya mifereji ya maji iliyochongwa milimani, na kutazama maua.

Bibi mmoja wa darasa letu akauliza, "Wanalipa nauli ya ndege kwa ajili ya maua? Maua hayo yanaliwa?" Tukacheka sana. Tulipomaliza kucheka akauliza tena, "Na hapa Tanzania hatuna mlima wenye maua?"

Swali hilo halikuwa la kuchekwa. Mlima huo tunao. Tena barabara ya kwenda huko inaanzia hapa hapa Mkiwa, pale inapoachana na barabara kuu na kuelekea Itigi. Tunaiona kila siku. Ni wangapi kati yetu tuliwahi kujiuliza inafika wapi?

Basi tukapanga. Kupanga ni kuchagua. Kila mmoja alitoa magunia mawili ya alizeti, na wenye mizinga walitoa asali ya thamani hiyo hiyo. Tulichagua katikati ya Machi kwa sababu palizi ilikuwa imekwisha na mavuno yalikuwa bado. Kwa hiyo, ndugu zetu, hatukuacha mashamba. Tulikuwa watu 14 katika kosta moja, na safari ilikuwa ya siku tano.

Kutoka Mkiwa mpaka Mbeya ni zaidi ya kilometa 500. Tulipita Itigi, tukapita Rungwa kando ya pori la akiba, tukapita Makongolosi na Chunya kwenye dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha. Mara mbili tulishuka tukasukuma gari, wazee wakisukuma kwa maneno na vijana kwa mabega. Tulilala Mbeya. Asubuhi tukafuata barabara kuu ya Dar es Salaam mpaka Chimala. Hapo ndipo mlima unapoanza.

Njia ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake. Tulikubaliana kila mtu ahesabu. Juu kabisa mama mmoja alikuwa na 55 na mzee mmoja 58. Wengine walikuwa wamefumba macho kwa hofu, hawakuhesabu kitu. Lakini tulipotazama chini tuliiona nchi ya Usangu imetandazwa kama mkeka. Hapakuwa na kelele tena ndani ya gari.

Juu yake ndiko kuliko Kitulo. Ni uwanda wa nyasi wenye kimo cha meta 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni baridi. Sisi wa Singida tulivaa kila tulichokuwa nacho, hata shuka za kulalia. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 paliwekwa kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 413 hivi. Hifadhi nyingine zetu zinajulikana kwa simba na tembo. Hii iliwekwa hasa kwa ajili ya mimea yake, na katika nchi za joto za Afrika ndiyo ya kwanza ya namna hiyo. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea. Humo mna aina 45 za maua ya okidi yanayoota ardhini.

Mtatuuliza, mliona nini? Tuliona nyasi mpaka macho yanapoishia, na ndani ya nyasi rangi: manjano, nyeupe, zambarau, nyekundu kama kaa la moto. Mengine ni marefu kufika kifuani, mengine huyaoni mpaka uiname. Yule bibi aliyeuliza kama maua yanaliwa alikaa chini katikati yake, akanyamaza. Tulipomwita tuondoke akasema, "Niacheni kidogo. Miaka yangu yote nimeinama shambani ili ning'oe. Leo nimeinama nitazame tu."

Sasa tunafika kwenye aibu yetu.

Mchana ule mmoja wetu alirudi nyuma. Alichukua kijiti, akafukua ua moja la okidi na mizizi yake, akalifunga ndani ya kanga. Hatutamtaja jina, na wala msimtafute. Kwa nini msimtafute? Kwa sababu sisi wengine tulimwona. Mwalimu alimwona. Tukanyamaza wote. Kila mmoja alisema moyoni, "Ua moja tu katika bahari ya maua, litapunguza nini?"

Kwenye lango mwongozaji wetu akauliza kama kuna mtu aliyechukua kitu. Kimya. Akauliza tena. Yule ndugu yetu akafungua kanga mwenyewe, machozi yakimlenga, akasema, "Nilitaka wakalione Mkiwa."

Mwongozaji hakupiga kelele. Alilishika lile ua, akatuonyesha kiazi kidogo chini ya shina. Akatueleza kwamba kiazi hicho ndicho kilichotaka kuimaliza Kitulo. Nchini Zambia viazi vya okidi hupondwa, huchanganywa na unga wa karanga na magadi, hupikwa kikawa chakula kinachoitwa chikanda. Kinapendwa sana. Walipoanza kumaliza okidi za kwao, wanunuzi walivuka mpaka wakaja kwetu. Watu wa milima hii walichimba kwa sababu fedha zilikuwa zinahitajika nyumbani, ada na chumvi. Viazi vilivyochimbwa vilifika mamilioni kwa mwaka. Na kila aliyechimba alisema kama tulivyosema sisi: hiki kimoja kitapunguza nini?

Tukauliza, je, ua hili haliwezi kupandwa Mkiwa? Akasema haliwezi. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake. Ili iote, lazima ikutane na kuvu wadogo walio katika udongo, wanaoilisha. Pasipo kuvu hao haioti. Na ukishang'oa kiazi, mmea mzima umekwisha. Kwa hiyo kuondoa ua hapa hakuongezi ua kule.

Halafu akaleta kitabu. Tukaandika kosa letu, tukaonywa, tukatia sahihi, wote 14. Ndugu wahitimu, mnakumbuka tulivyofurahi siku tulipoacha kutia dole gumba tukaandika majina yetu? Tulijifunza kuandika majina ili tusidanganywe. Siku ile tuliyaandika majina yetu chini ya kosa, kwa mwandiko mzuri kabisa. Tulishuka zile kona bila mtu kuhesabu.

Lakini njiani tulianza kuzungumza, na mazungumzo hayo ndiyo faida ya safari. Tulielewa kwamba maua yale hayasimami peke yake. Nyasi za Kitulo hushika mvua, na vijito vyake huteremka mpaka Ruaha Mkuu. Maji hayo hunywesha mpunga wa Usangu, hupita katika Hifadhi ya Ruaha, huingia mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotoa umeme. Na Matamba tuliona wakulima wakilima viazi mviringo na pareto. Pareto nayo ni ua, linatengenezwa dawa ya kuua wadudu. Yule bibi akasema, "Basi swali langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Maua yanaliwa, ila si kwa kutafunwa."

Tulipokaribia nyumbani tukaliona hilo kwa macho yetu wenyewe. Alizeti ilikuwa imechanua pande zote za barabara. Tulikuwa tumeiacha hivyo hivyo tulipoondoka, hatukuitazama. Tulisimamisha kosta kwenye shamba la mmoja wetu. Nyuki walikuwa kazini. Nyuki akitoka ua hili akaingia lile, amebeba chavua, na hapo ndipo mbegu hujaa. Pasipo nyuki utavuna vichwa vyenye mapengo. Sasa nyuki hao, alizeti ikishavunwa, wanakula wapi? Wanakula maua ya vichaka.

Vichaka vya Itigi si pori bovu kama tunavyoviita. Wataalamu wa mimea wanavijua duniani kote. Miti yake myembamba iliyosongamana hivyo, inayopukutisha majani kiangazi, iko huku kwetu Itigi na Manyoni, na mahali pengine ni kule mpakani mwa Zambia na Kongo, karibu na ziwa Mweru Wantipa na ziwa Tanganyika. Wilayani Manyoni kuna hifadhi ya nyuki ya Aghondi kwa sababu ya vichaka hivyo. Kumbe nasi tuna bustani yetu. Tofauti ni kwamba hatulipi kuitazama, tunalipwa kuichoma mkaa.

Ndugu zetu, mnajua kwamba mwaka jana kikundi chetu kilikubaliana kufyeka vichaka vya upande wa barabara ya Itigi. Mkaa tungeuza, na ardhi tungelima alizeti. Azimio hilo sisi wenyewe tuliliandika kwa mikono yetu. Leo tunaomba lijadiliwe upya.

Hatusemi jambo hili ni rahisi. Mzee mmoja wa safari yetu alitukumbusha kampeni ya redio ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Alikuwa kijana, akakaa chini ya mti katika kundi la wasikilizaji. "Tulisikiliza, tukakubali," alisema, "halafu tukarudi nyumbani tukakata, maana sufuria ilikuwa haina kitu." Mama mwingine alisema, "Mkininyima mkaa, nipeni kitu cha kulipia sare ya mtoto." Maneno hayo ni ya kweli, na hatuna haki ya kuyafunika.

Pendekezo letu ni hili. Vile vichaka tusivifyeke. Fedha iliyobaki ya safari, na fedha tuliyokuwa tumetenga ya mashoka na vibarua, inunue mizinga. Mizinga itundikwe ndani ya vichaka, na wa kwanza kupewa wawe wale wanaotegemea mkaa, si sisi viongozi. Mavuno ya asali mawili yakipita tutakaa tena tufanye hesabu, tulinganishe na mkaa. Kuhesabu sasa tunajua.

Siku ya Jumamosi tutapiga kura. Kabla ya hapo, mjadiliane nyumbani na katika makundi:

1. Ni mimea gani ya Mkiwa ambayo wazee waliijua na watoto hawaijui? Imekwenda wapi?

2. Kwa nini watu 14 waliona kosa na wote wakanyamaza? Hapa kijijini tunanyamazia nini?

3. Anayetegemea mkaa leo apewe nini ili aweze kungoja asali?

Na yule ndugu yetu aliyebeba ua? Ametuomba tuwaambie jambo moja. Yeye ndiye atakayetundika mzinga wa kwanza, na anaomba asiende peke yake.