Barua Moja, Ombi Moja
Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia za wilaya za Mbulu na Hanang



Nimeombwa niseme juu ya barua rasmi kwa vijana wa kidato cha nne wanaoandaa mradi kabla ya kumaliza shule. Pengine mtauliza: barua nayo ni maendeleo? Ndiyo. Kibali, miche na saruji huanzia kwenye karatasi iliyofika ofisi inayohusika.

Tuchukue mfano. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Tuseme wanafunzi wanataka kupanda miti kando ya korongo la kijiji chao. Miti haizuii mlima kumeguka, lakini hushika kingo za korongo. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, kwa Sheria ya mwaka 1999. Hivyo barua iende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, kupitia kwa Mkuu wa Shule. Ikipelekwa kwingine, mvua zitanyesha na kuisha barua ikiwa bado kwenye faili la mtu asiyehusika.

Umbo la barua vijana hufundishwa darasani: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, maelezo, sahihi, jina na cheo. Kinachowashinda ni ombi lenyewe. Kwetu Wairaqw na Wadatoga salamu ni ndefu, nayo ni adabu njema. Lakini salamu zikijaza nusu ukurasa, ombi huangukia chini, tena bila hesabu. Afisa hawezi kuidhinisha "msaada wowote." Aandikiwe hivi: tunaomba kibali cha kupanda miche 200, mahali fulani, tarehe fulani, tutaimwagilia sisi wenyewe, mwalimu msimamizi ni fulani.

Wajumbe, nawasihi msiwaandikie. Barua ya katibu wa parokia itampa kijana miche, haitampa ujuzi. Kesho ataomba kazi au mkopo wa masomo, nani atamwandikia? Kazi yenu ni tatu: kusoma rasimu, kuhakikisha nakala imebaki shuleni, na kwenda naye kuulizia jibu likichelewa.

Nanyi wafadhili, barua ya shukrani iliyonakiliwa ubaoni na darasa zima haiwaelezi kitu. Ombeni ile inayosema miche mingapi imeshika, mingapi imekauka na kwa nini. Hata ikiwa na makosa ya tahajia, ipokeeni kwa furaha na mjibu. Kijana aliyejibiwa mara moja haogopi tena mlango wa ofisi.