Njia ya Kando kwa Dereva Aliyekosa Mara ya Kwanza

(Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa madereva na mataniboi. Yamepigwa taipu kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini siku hiyo.)



Najua wengine wenu mmeshuka kwenye lori alfajiri ya leo na macho bado mekundu. Ni mekundu kwa usingizi, natumaini.

Kamati imeniomba niseme juu ya pombe na usukani. Jambo hili limesemwa hapa mara nyingi, na kila mara husemwa kwa namna moja: twaambiwa tusinywe, twaitikia, twaenda zetu. Leo nataka kuuliza jingine. Mtu akishakosa, na ikawa ni mara yake ya kwanza, afanywe nini?

Yuko mwenzetu mmoja. Jina lake silitaji, nanyi mnaomjua msigeuke kumtazama. Ameshika usukani miaka kumi na tisa bila kesi hata moja. Jumapili moja alitoka arusini katika motokaa ndogo ya shemeji yake, akasimamishwa na polisi, naye alikuwa amekunywa. Akalala ndani. Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kiri kosa mbele ya hakimu, peke yake, bila wakili na bila mtu wa chama, kwa kuwa aliambiwa na mahabusu wenzake kwamba ukikiri mambo huisha upesi. Kweli yaliisha upesi. Faini ililipwa kwa fedha za karo, leseni ikazuiliwa miezi kumi na miwili, na kabla ya wiki kwisha barua ya tajiri ikafika. Tajiri hakusema amemfukuza kwa ulevi. Alisema hana kazi ya dereva asiye na leseni.

Baada ya hayo yote ndipo alipokuja ofisini kwetu, risiti ya faini mkononi. Akaniuliza: "Katibu, mbona hakuna aliyeniuliza kama ni mara yangu ya kwanza?" Sikuwa na jibu. Nilimpa chai.

Lakini kabla sijaendelea, lazima niseme upande wa pili. Ndani ya chumba hiki ameketi mama aliyefiwa na mumewe, taniboi wetu, aliyegongwa akibadilisha gurudumu kando ya barabara. Aliyemgonga alikuwa amelewa. Mama huyu amekuja leo kwa hiari yake, na aliniambia nisilifiche jambo hilo. Sitasimama mbele yake niseme kwamba ulevi wa dereva ni kitu kidogo. Kila nitakalosema, nataka liweze kusemwa yeye akisikia.

Basi nimetafuta na kusoma sheria za mahali pengine. Iliyonishika ni ya jimbo la Oregon, upande wa magharibi wa Marekani. Imenishika kwa sababu ni ya zamani, tangu 1981, hata watu wamekwisha izoea. Na kwa sababu ndani yake umo mlango mmoja uliofungwa kwa watu kama sisi. Nitaufikia mlango huo.

Huko Oregon kiasi kinachokatazwa ni gramu 0.08 za pombe katika mililita 100 za damu. Mtu akitiwa hatiani mara ya kwanza, faini haipungui dola 1,000, na hufungwa saa 48 kwa uchache, au afanye kazi ya jamii saa 80, na leseni husimamishwa mwaka mmoja. Hiyo ndiyo barabara kuu. Lakini iko na njia ya kando. Sisi twaijua njia ya kando: barabara ikichimbwa, huwekwa kibao, ukashuka bondeni. Huko chini kuna vumbi na mashimo, na safari ni ndefu kuliko ile ya juu, ila mwisho wake hurudi kwenye lami. Ndivyo sheria hii ilivyo.

Mshitakiwa ana siku 30 tangu kufika kortini mara ya kwanza kuomba njia hiyo. Zikipita, korti haimpokei ila awe na sababu njema. Hapewi aliyetiwa hatiani kwa kosa kama hilo, wala aliyekwisha kuipita njia hii, katika miaka 15 iliyopita. Hapewi aliyemwua mtu au kumwumiza mtu mwingine. Mama, hilo nimelitaja kwa ajili yako. Yule aliyemgonga mumeo asingeipata njia hii hata Oregon.

Akikubaliwa, kwanza hukiri kosa, au husema hapingi shitaka. Hakimu huliweka jambo hilo ndani ya faili bila kutoa hukumu, na mwaka mmoja huanza kuhesabiwa. Katika mwaka huo hukaguliwa na mtaalamu wa mambo ya ulevi, na matibabu yakiagizwa sharti ayamalize. Haruhusiwi kunywa. Motokaa anayoendesha hufungwa chombo cha kupulizia. Pumzi ikiwa na pombe, injini haiwaki. Tena hupelekwa siku moja kuketi na kusikiliza watu walioumizwa au kufiwa kwa ajili ya madereva walevi. Hahojiwi wala hatukanwi. Husikiliza tu.

Mwaka ukiisha naye ametimiza yote, shitaka hufutwa wala halirudishwi. Asipotimiza, hana tena kesi ya kupigania. Alikwisha kiri. Hakimu hufungua faili lile lile na kutoa hukumu. Kwa hiyo msidhani ni huruma ya bure. Hata wakati huo wa mwaka mmoja, idara ya leseni ina adhabu yake mbali na korti: aliyepimwa akazidi kiasi husimamishwa siku 90, na aliyekataa kupimwa, mwaka mzima. Njia ya kando haiondoi hayo.

Mimi napenda mambo mawili katika sheria hii. Napenda kwamba mtu huulizwa mapema, katika siku zile 30, kabla hajawa mfungwa. Na napenda siku ile ya kuketi na kusikiliza. Faini haina uso, ndugu zangu. Mtu hulipa, husahau. Uso wa mjane hausahauliki upesi.

Nisilolipenda ni fedha. Kuingia tu katika mpango ni dola 490. Korti yaweza kumpunguzia maskini, lakini bado kuna ukaguzi, matibabu na chombo cha kupulizia, na sehemu kubwa hutoka mfukoni mwake. Mwenye mshahara mzuri hupita njia ya kando akipiga mbinja. Mwenye kibarua hutazama kibao, akahesabu senti zake, akarudi barabara kuu kwa hakimu.

Sasa tufikie ule mlango. Sheria ya Oregon yasema wazi: mwenye leseni ya kuendesha magari ya biashara hapewi njia ya kando. Haidhuru alikuwa katika lori au katika kigari chake mwenyewe siku ya mapumziko. Na si Oregon peke yake iliyopenda hivyo. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zakataza jimbo lolote kumfichia dereva wa namna hiyo hatia yake kwa kumpitisha kando. Akitiwa hatiani mara ya kwanza hupoteza haki ya kuendesha gari la biashara mwaka mmoja. Mara ya pili, maisha, ingawa jimbo laweza kumfikiria tena baada ya miaka 10. Na akiwa ndani ya lori, kiasi kinachomshika ni nusu ya kile cha wengine: 0.04.

Basi mwalimu, karani na daktari wana mlango. Anayekula kwa usukani hana.

Nimelifikiri jambo hili usiku mwingi. Nusu nakubali. Lori letu likiwa na ekseli saba huruhusiwa kufika tani 56 barabarani. Hakuna karani aliye na silaha kama hiyo. Anayetafuta dereva ana haki ya kujua huyu mtu aliwahi kulewa akiendesha, na mimi sitaki chama kisimame kumfichia mtu jambo hilo. Nusu ya pili siikubali. Mwalimu akikaa mwaka bila kunywa, mwisho wake hupata jina lake. Dereva wa lori akikaa mwaka ule ule bila kunywa, akaenda matibabu yale yale, akamsikiliza mjane yule yule, mwisho wake hana kitu kinachomngoja. Na mtu asiye na kitu kinachomngoja, atajitibu kwa ajili ya nini? Ataficha. Atatafuna majani ya mpera asubuhi, apande lori. Mnacheka, lakini mnayajua majani hayo.

Huko huko Marekani kiko chama kilichoona hatari ya kuficha, nacho ni cha marubani wa ndege, Air Line Pilots Association. Tangu miaka ya 1970 uko mpango wao uitwao HIMS, unaoendeshwa na chama pamoja na makampuni na idara ya serikali ya mambo ya anga. Rubani aliyeshikwa na ulevi, akijitaja mwenyewe au akitajwa na wenzake, hushushwa kwenye ndege, hutibiwa, hukaguliwa muda mrefu, na madaktari wakiridhika hurudi angani. Ndege yenye abiria mia tatu, ndugu zangu! Hawakungoja korti. Walianza wao wenyewe, kabla ya kukamatwa.

Na hapa Kenya je? Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki chasema anayeendesha akiwa amelewa hata asiweze kulimudu gari aweza kufungwa hadi miaka miwili, au kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au yote mawili. Mlango maalum kama wa Oregon, uliotengenezwa kwa mlevi wa mara ya kwanza, hatuna. Lakini si kwamba hatuna kitu. Mwaka 2019 ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma iliandika mwongozo wa kuchepusha kesi: mwendesha mashtaka aweza kukubaliana na mtu anayelikiri jambo lake kwa hiari, akampa masharti, na akiyatimiza asishitakiwe. Na sheria ya probesheni ni ya zamani zaidi. Hakimu akiona shitaka limethibitika aweza kumweka mtu chini ya afisa wa probesheni hata bila kumtia hatiani. Sisemi kila dereva atapewa. Hupewi usichoomba, na yule mwenzetu wa Jumatatu saa nne hakujua kwamba kuna cha kuomba.

Tuje kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa tajiri nguvu ya kumfukuza papo hapo mfanya kazi aliyelewa saa za kazi hata asiweze kazi yake. Hapo sina ubishi. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema kabla ya kufukuzwa lazima aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mfanya kazi mwenzake au mtu wa chama kando yake. Barua iliyoandikwa bila kumsikiliza mtu twaweza kuipeleka mbele.

Kwa hiyo kamati inaleta ombi hili kwenu, ili likipita liingie katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Dereva aliyezuiliwa leseni mara ya kwanza, kwa kosa lililotendeka nje ya saa za kazi, na hakuna mtu aliyeumizwa, asifukuzwe. Apewe kazi nyingine gereji, stoo au mizanini, kwa mshahara wa kazi hiyo, si wa udereva, mpaka leseni irudi. Naye atie sahihi kwamba atakwenda matibabu, na atakubali kupimwa kila asubuhi atakaporudi kwenye usukani. Akipatikana tena, chama hakitamtetea. Maneno hayo ya mwisho yaliwagawanya wanakamati usiku kucha. Wengine wasema chama hakimwachi mtu wake. Mimi nilipiga kura yaandikwe, na sababu yangu ameketi pale karibu na dirisha.

Jambo jingine halingoji mkataba. Ukikamatwa, au jirani yako akikamatwa, ofisi ya tawi ipigiwe simu usiku huo huo, si Jumatatu jioni. Usikiri wala usikane kabla hujaonana na mtu. Namba imeandikwa nyuma ya kadi yako ya uanachama. Wengi wenu hamjapata kuigeuza kadi hiyo. Na aliye na taabu ya chupa, asiyekamatwa bado, aje kwangu faraghani. Mazungumzo hayo siyaandiki popote.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Ombi liko mbele ya mkutano, lakini kabla ya kura naona mama ameinua mkono. Naomba apewe nafasi kwanza.