Baiskeli ya Mtoto: Njia Ichague Wewe

Leo tunazungumza juu ya watoto na baiskeli.

Shule zinapofungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, watoto hutoka na baiskeli tangu asubuhi. Wengine wana zao, wengine hukodisha kwa dakika chache mtaani. Wanashindana mteremkoni, wanaingia mashamba ya kahawa, wanafika mpaka mtoni. Je, mama, unajua wako wanapita wapi?

Sisemi baiskeli ni mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kucheza kwa nguvu, na baiskeli inampa dakika hizo bila kusukumwa. Moyo unapata nguvu, misuli inakomaa, na usiku analala vizuri. Kwa hivyo usimnyime baiskeli. Mchagulie njia.

Utaniuliza, njia ipi? Tuanze na ile isiyofaa. Barabara kuu ya Thika, iliyojengwa upya kati ya 2009 na 2012, ina sehemu za kando za waenda kwa miguu na baiskeli. Lakini bodaboda, mikokoteni na wachuuzi wamo humo humo, na matatu huingia stejini kwa kasi. Mtoto wa miaka minane au tisa bado hawezi kupima vizuri mwendo wa gari linalomjia. Hapo si mahali pake pa kuchezea. Akilazimika kuvuka, atumie daraja la waenda kwa miguu, tena ashuke aisukume baiskeli.

Njia za udongo za mashambani ni afadhali, kwa kuwa magari ni machache. Ruiru ni mji wa kahawa, na hata kahawa aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ina jina lake. Lakini shamba lina mwenyewe, kwa hivyo omba ruhusa kwanza. Uliza pia siku za kunyunyiza dawa, kwa maana mtoto akipita kati ya mikahawa iliyotoka kunyunyizwa, dawa hiyo humwingia kwa ngozi na kwa pumzi.

Halafu kuna maji. Mashamba mengi ya kahawa yana mabwawa, na upande wa Juja na Ndarugo kuna machimbo ya mawe ya kujengea. Shimo lililoachwa hujaa maji wakati wa mvua na kingo zake huporomoka. Baiskeli inayoteremka kuelekea bwawa haihitaji zaidi ya breki moja kukatika. Na udongo wetu mwekundu ukinyeshewa huteleza kama sabuni, kwa hivyo siku ya mvua baiskeli ikae nyumbani.

Kabla ya kumruhusu, itembee njia hiyo kwa miguu pamoja naye. Mwonyeshe: hapa kimbia, hapa punguza mwendo, hapa shuka, na hapa ndio mwisho, usipite. Mtoto hushika zaidi alichoonyeshwa kuliko alichokemewa.

Mkitaka kwenda mbali, nendeni pamoja. Fourteen Falls kwenye Mto Athi hupendwa sana na vijana wa Thika, lakini miamba yake inateleza na maji yana nguvu, kwa hivyo baiskeli ziachwe mbali na ukingo. Mlima Ol Donyo Sabuk, wenye urefu wa mita 2,145, ni mbuga yenye nyati. Mtoto asiende huko bila mtu mzima. Msitu wa Karura, Nairobi, una njia za baiskeli zilizotengwa, na unaweza kukodisha baiskeli huko huko.

Sasa baiskeli yenyewe. Sweta ya shule tunanunua kubwa ili mtoto akue nayo. Baiskeli sivyo. Akisimama akiwa ameitanua katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikanyage chini. Angalia breki za mbele na za nyuma. Kisha tazama ncha za usukani. Ile mipira ya kushikia ikiisha, chuma hubaki wazi, na mtoto akianguka kinamdunga tumboni. Mpelekee fundi aiweke mipira, ni kazi ndogo. Na ukimbeba mtoto kwenye karia, miguu yake isining'inie karibu na gurudumu. Spoku zinaweza kukata kisigino mpaka kwenye mfupa.

Kichwani avae kofia ya baiskeli. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya jeraha kubwa la kichwa kwa zaidi ya nusu. Ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe mpaka kidole kimoja tu kipite chini ya kidevu. Ukinunua ya mitumba, ikague kama ina nyufa. Kofia iliyowahi kugongwa kwa nguvu haifai tena. Na ile ya bodaboda ni nzito mno kwa shingo ya mtoto.

Akianguka je? Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachilia. Kidonda kikiwa kidogo, kioshe kwa maji mengi safi na sabuni. Usipake mafuta ya taa, majani ya chai wala udongo. Akilalamika shingo au mgongo, usimwinue. Mwache alale alivyo, uite msaada kwa nambari 999 au 112.

Akigonga kichwa, mchunguze siku mbili. Mpeleke hospitali mara moja akitapika tena na tena, akipoteza fahamu hata kidogo, akipata degedege, akichanganyikiwa, akilegea mkono au mguu, au akitokwa na damu au maji puani au masikioni. Akilala na kuamka kama kawaida, vyema. Akiwa mgumu kuamka, usingoje asubuhi. Usimpe aspirini.

Na hili la tumbo, mama, ndilo ninalokuomba usilisahau. Mtoto aliyedungwa na usukani anaweza kuinuka, kujipangusa na kuendelea kucheza, huku wengu au ini linavuja damu ndani. Mtoto akiogopa kugombezwa, hatasema. Unapomwogesha, tazama tumbo. Ukiona alama ya duara, au tumbo likiuma na kuvimba, au akipauka, akitapika au kukojoa damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Waeleze kwamba aligongwa na usukani. Thika kuna Hospitali ya Level 5, na Ruiru kuna Level 4.

Mwisho, pepopunda. Chanjo anazopata mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 humkinga, lakini nguvu yake hupungua miaka inavyopita. Kidonda kikubwa au chenye udongo na samadi, kionwe kliniki. Beba kijitabu chake cha kliniki, mhudumu aangalie kama anahitaji sindano nyingine.

Basi tukumbushane. Itembee njia kabla yake. Baiskeli imfae kwa kimo, breki zishike, na usukani uwe na mipira. Kofia iwe kichwani. Akianguka, tazama kichwa na tumbo. Na mwambie leo, kabla hajapanda, kwamba akianguka aje akwambie, wala hutamgombeza. Neno hilo laweza kumwokoa.

Mweleze na jirani yako ambaye hakutusikia.