Boriti za Kwetu Mjini Maskati

(Hotuba iliyotolewa Kibiti mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Katibu ameniomba nizungumzie maisha ya ugenini, kwa kuwa mimi na familia yangu tulikaa Maskati, mji mkuu wa Omani, kwa miaka sita, tangu 2010 hadi 2016. Najua wapo wanaongoja kusikia habari za mishahara na magari. Hayo nitayaacha. Nataka kuwaeleza uongo mdogo niliousema katika mwezi wa kwanza, na jinsi ulivyotuchelewesha kuuzoea mji ule.

Tulifika mwezi wa Juni, mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka sita. Mwezi huo joto la Maskati hupita nyuzi 40, na jua likizama mtu hapati nafuu kubwa. Tulipanga nyumba ghorofa ya tatu katika mtaa wa Ruwi, nami nikaanza kazi ya uhasibu. Kila jambo lilitaka kujifunza upya. Rial moja ni baisa 1,000. Siku ya kwanza mke wangu alitajiwa bei ya nyanya, "mia tatu," akafurahi kwa urahisi wake. Tulipopiga hesabu nyumbani tukakuta ni zaidi ya shilingi elfu moja za kwetu. Teksi zilikuwa za rangi ya chungwa na nyeupe, na usipomwambia dereva kwamba unataka nafasi moja tu, utalipia gari zima. Mapumziko ya wiki wakati ule yalikuwa Alhamisi na Ijumaa; yalihamishiwa Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013.

Ajabu ni kwamba Kiswahili tulikikuta kimetutangulia. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Waomani wengi waliokuwa wakiishi Afrika Mashariki walirudi, na lugha yetu walirudi nayo. Sokoni Mutrah tuliisikia, na mishikaki tuliikuta barabarani ikiitwa mishkak.

Jirani yetu wa chini alikuwa bibi mmoja aliyezaliwa Unguja. Alipomsikia mke wangu akiwagombeza watoto kwenye ngazi, akatukaribisha kahawa. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza, "Wanangu, mwatoka wapi?"

Nikajibu haraka, "Dar es Salaam, Bibi."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Delta. Nimezaliwa upande wa Simba Uranga, na nilikuja shule hii kwa mtumbwi kwanza, ndipo gari. Dar es Salaam nilipanga chumba tu. Lakini niliwaza, nikisema Rufiji, ataona mtu wa matopeni na mamba. Binti yangu akanitazama, mke wangu akatazama kikombe chake. Yule bibi akasema, "Aa, Dar es Salaam," na mazungumzo yakaishia hapo. Dar es Salaam ni jibu lisilozaa swali jingine.

Miezi ikapita hivyo. Tulisalimiana na watu wote, wala hatukuwa na mtu. Mke wangu alishinda ndani na mashine ya baridi, na jioni aliniuliza kama mkataba wangu unaweza kuvunjwa.

Ili watoto wasichoke, kila Ijumaa alasiri tulikwenda kuutazama mji. Ijumaa moja, katika vichochoro vya Mutrah, tulikuta nyumba ya zamani inakarabatiwa. Mlangoni alikaa mzee mmoja mlinzi. Tukamwomba ruhusa, akaturuhusu kuchungulia. Ndani kulikuwa na chumba kirefu, chembamba. Nikainua macho. Juu zilipangwa boriti, moja kando ya nyingine, nyeusi kwa miaka.

Mzee akasema kwa Kiswahili cha kukatika-katika, "Boriti. Za Rufiji." Akatueleza kwamba alikuwa baharia wa Sur, na ujanani alikuja kwetu na jahazi mara tatu kupakia. "Simba Uranga," akasema, akajipiga shavuni kama anayeua mdudu. "Mbu wa kule! Mpaka leo nawasikia." Kisha akauliza, "Na wewe watoka wapi?"

Kabla sijafungua kinywa binti yangu akamjibu, "Baba ametoka huko huko kwenye mbu."

Yule mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka baba yangu. Alikuwa mkataji. Maji yakitoka huingia matopeni na shoka, huchagua mkoko, msinzi au mkandaa ulionyooka, hukata, humenya magome, hubeba begani mpaka kwenye mtumbwi. Alihesabu kwa korija, yaani boriti 20. Alilipwa kidogo. Tukimwuliza zinakwenda wapi, alijibu, "Uarabuni," kama mtu asemaye mbinguni.

Biashara hiyo ni ya kale, na majahazi yake yalitoka Omani, Kuwait na pwani nyingine za Ghuba. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, aliingia Delta yetu na jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi kuchukua boriti. Safari hiyo ameieleza katika kitabu chake Sons of Sindbad cha mwaka 1940. Nchi zile hazina miti mirefu ya kujengea, na boriti ya mikoko ni ngumu, mchwa huishindwa. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya huko ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kwa maneno mengine, waashi wa Ghuba walipimiwa vyumba na miti ya kwetu.

Tuliporudi Ruwi nilimpitia yule bibi. Nikasema, "Bibi, nilikudanganya. Sisi ni Warufiji." Akapiga kofi. "Rufiji kwenye mchele? Mbona hukusema!" Akaanza kuuliza maswali ambayo hayakwisha usiku ule. Tangu hapo sahani zilipanda na kushuka ngazi. Ndiye aliyemwonyesha mke wangu soko la samaki na fundi cherehani mwaminifu. Habari ya kuvunja mkataba sikuisikia tena.

Ndiye pia aliyetupeleka mtaa wa Al Qurm, ambao kwa Kiarabu jina lake ni mikoko. Katikati ya mji tukakuta msitu mdogo uliozungushiwa uzio na kulindwa tangu 1975. Mke wangu akachuma jani kwa macho tu, akasema, "Huu si mchu?" Ni mchu. Omani nzima wana aina hiyo moja ya mikoko, nao wanaiwekea walinzi. Sisi Delta tuna aina nane, na msitu wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko wote wa namna yake Afrika Mashariki.

Mwaka 2012 nilirudi likizo. Baba alikuwa hai, macho yamepungua. Nikamweleza habari za chumba kile. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza jambo moja tu: "Bado zimenyooka?"

Nikamjibu, "Zimenyooka, Baba."

Akasema, "Basi tulichagua vizuri." Akaomba maji ya kunywa.

Vijana, baadhi yenu mtakwenda mbali, na wengine mtakwenda Dar es Salaam tu, ambayo nayo ni ugenini kwa mtoto wa Delta. Mtakapoulizwa mnatoka wapi, tajeni kijiji. Mimi nilidhani kwamba nikificha kwetu nitapokelewa upesi, kumbe nilikuwa nimeufunga mlango ambao baba yangu alikwisha kunifungulia kwa shoka.