Kinachobaki Kwenye Pumba: Usindikaji wa Chakula na Lishe Yetu

Kwenye mashine ya kusaga ya mtaani mteja huulizwa kwanza: mahindi yakobolewe, au yasagwe dona, yaani bila kukobolewa? Yakikobolewa, ganda na kiini cha punje huondoka, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini ya chuma, zinki na nyuzinyuzi. Unga hutoka mweupe na hukaa muda mrefu bila kuingia uchungu, maana mafuta yaliyomo kwenye kiini ndiyo huharibu dona mapema. Pumba huuzwa kwa wafugaji. Kuku hula virutubisho, watoto hubaki na wanga.

Kuku ndio waliofumbua fumbo la kinachopotea kwa kukoboa. Katika miaka ya 1890, huko Batavia kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi. Walipopewa mchele usiokobolewa, walipona. Kilichokosekana, ambacho leo kinaitwa vitamini B1, kilikuwa kimeondolewa pamoja na pumba. Mwaka 1929 Eijkman alipata Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, kulaani kila chakula kilichosindikwa ni uonevu. Dagaa wa Ziwa Victoria hufika mikoa ya mbali kwa sababu wameanikwa. Ulezi ukioteshwa kuwa kimea, au uji ukichachushwa, hupungua fitati, kemikali inayozuia mwili kufyonza chuma. Chumvi yenye madini joto huzuia rovu.

Kinachostahili hofu ni kundi ambalo Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo alilitenga mwaka 2009: bidhaa zinazoundwa kiwandani kwa wanga, sukari na mafuta, kisha kutiwa rangi na vionjo. Soda zimo, soseji zimo, biskuti za pakiti zimo. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu 20, waliokula vyakula hivyo kwa wiki mbili na vyakula visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine. Milo yote ilipangwa ilingane kwa sukari, chumvi, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula hadi aridhike. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakanenepa karibu kilo moja. Tatizo, basi, halimo kwenye sukari peke yake. Chakula chenyewe kimetengenezwa kiliwe haraka na kwa wingi.

Turudi mashineni: je, kila nyumba irudi kwenye dona? Ndiyo, lakini ushauri huo ukiishia hapo unaweza kuua. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi ilisababisha vifo Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza, ilhali dona huibeba yote. Mahindi ya dona lazima yaanikwe juu ya turubai, si udongoni, yakauke sawasawa, na punje zenye ukungu zitolewe kabla ya kwenda mashineni. Anayewahimiza wakulima wale dona awafikishie kwanza maturubai na maghala makavu.