Waridi Jekundu Uani Petu
Hotuba ya Katibu wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Habari za nazi, korosho na maembe zimekwisha kuelezwa vema na walionena kabla yetu, na hesabu zake mtazisoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi twaomba kusema juu ya jambo dogo, ambalo baadhi yenu hulicheka: mwaridi mfupi wenye maua mekundu, upandwao uani kwa mikono ya watu wa nyumbani. Twalisema kwa sababu mbili. Ya kwanza, lina faida. Ya pili, ofisi yenu ina deni la maneno juu yake, na deni la namna hiyo hulipwa mbele za watu.

Ua si geni katika mwambao huu. Mama zetu hutunga asumini, na kufunga vikuba vya mrehani na waridi. Hakuna harusi wala maulidi ambapo mrashi haupiti kuwanyunyizia wageni marashi ya mawaridi. Huko Omani, katika milima ya Jebel Akhdar, wakulima huchuma mawaridi na kuyatoa marashi kila mwaka majira ya machipuko. Lakini waridi lile ni la rangi ya waridi iliyofifia, tena ni la mlimani kwenye baridi. Letu sisi ni jekundu, na makao yake ni uani.

Na hapa ndipo wengi hukosea. Twasikia kwamba Kenya huuza mawaridi mengi Ulaya, nasi twadhani kila mwaridi utatufaa. Mawaridi yale hulimwa Naivasha na mahali pengine pa bara, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku ni wa baridi. Na baridi hiyo ndiyo inayolipa ua shina refu na kichwa kikubwa. Pwani usiku ni joto. Mti wa namna ile ukiletwa huku hurefuka bila nguvu na kutoa maua madogo yaliyochoka. Utufaao ni mti wa kimo cha goti, uliojikusanya, wenye maua madogo yaliyoshikana vichala. Asili ya nyingi katika jamii hiyo ni waridi la China, ambalo huchanua tena na tena badala ya kungoja msimu mmoja. Lilifika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, na kutokana nalo wakulima wa maua wakazalisha aina nyingi fupi.

Sasa tuseme deni letu. Katika mwaka wa tatu wa Chama, sisi wa ofisini tulinunua miche 60 kutoka bara kwa fedha za wanachama, ili tupambe mbele ya ghala na kuwapa watu mbegu. Tuliipanda mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, tukainywesha maji ya kisima kilicho karibu na ufuo. Bibi mmoja, mwanachama mwenzetu, alisimama akatutazama, kisha akasema, “Wanangu, maji hayo hata mnazi huyanywa kwa kukunja uso.” Tulimjibu kwamba maji ni meupe na hayana uchafu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kabla ya masika kingo za majani ziligeuka kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni, na ikabaki miche minne.

Kufa kwa miche ni ajali ya mkulima, wala si aibu. Aibu ni kwamba katika hesabu za mwaka ule tuliandika gharama ile chini ya “Matumizi Mengineyo”, nanyi mkaipitisha bila kujua. Hatukuiba, lakini tulificha. Mwaka huu tumezirudisha fedha zile kutoka katika posho zetu, na stakabadhi ipo ofisini kwa kila atakaye kuiona. Twaomba radhi.

Ile minne iliyopona ilikuwa karibu na tangi la maji ya mvua, mahali watu wanaposuza vikombe. Yule bibi ndiye aliyetuonyesha jambo hilo, na ndiye aliyechukua vipandikizi vyake vya kwanza. Miwaridi yote mekundu iliyomo nyuani mwenu leo ni watoto wa miche ile minne. Haya yafuatayo tumejifunza kwake na kwa wenzake.

Maji. Mwaridi hauvumilii chumvi. Onja maji ya kisima chako. Ulimi ukihisi munyu, usiyatie. Maji ya mvua ni bora, na maji ya kuoshea mchele yafaa, maadamu hayakutiwa chumvi. Mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Jani linalolala na unyevu huota madoa meusi.

Udongo. Ardhi yetu ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, na ina chokaa nyingi. Chokaa huuzuia mti usipate chuma, na dalili yake ni jani kuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 na upana huo huo, utupe mawe, ujaze udongo mweusi pamoja na samadi iliyooza kabisa. Penye mwamba, tumia debe lililotobolewa chini. Funika shina kwa makumbi ya nazi ili unyevu usitoroke; lakini jihadharini, msitumie makumbi yaliyozikwa ufuoni kwa kusokotea kamba, kwani yamekwisha kunywa bahari. Tumieni makumbi ya shambani, nayo yaroweshwe kwanza kwa maji matamu.

Kupanda. Kata tawi lililokwisha kuchanua, nene kama kalamu ya risasi, la urefu wa sentimita 15 hadi 20. Acha majani mawili ya juu, zika theluthi mbili, uweke kivulini. Wakati mwema ni mwanzo wa masika au wa vuli. Mizizi ikishika, hamishia mahali penye jua la asubuhi na kivuli chepesi cha alasiri, kama kile cha mnazi, na kati ya mti na mti acha nusu mita.

Kutunza. Ua likinyauka likate, juu ya jani lenye vijani vitano, na tawi jipya litatoka hapo. Wakati wa ukavu tazama chini ya majani: ukiona utando na vijidudu vidogo mno, huo ni utitiri, uoshe kwa maji safi alfajiri kwa siku kadhaa. Majani yenye madoa yaokotwe na kuchomwa moto.

Na hapa ndipo penye faida. Tangu kupogoa mpaka kuchanua ni wiki sita hadi nane. Basi mwenye hesabu huchagua siku yake ya kuuza. Kwa Maulidi ya tarehe 12 Mfunguo Sita, apogoe yapata tarehe 22 Mfunguo Nne. Na kwa kuwa miezi yetu ya mwandamo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, yafaa kuhesabu upya kila mara.

Ndugu wanachama, kuna walionena kwamba maua hayaliwi, na kwamba si haki kuyapa maji wakati wa kiangazi. Neno hilo ni la haki, nasi hatulipingi. Kwa sababu hiyo twapendekeza kila nyumba isizidi miti mitano, na maji ya kunywa yasiguswe kamwe. Lakini lipo neno la pili. Mnazi una jina la mwanamume katika daftari letu, na mwaridi hauna jina la mtu yeyote, ingawa twamjua aamkaye alfajiri kuumwagilia. Vikuba huuzwa, fedha huingia nyumbani, na mwenye kazi haonekani katika hesabu.

Sisi tuliokwisha kuficha gharama moja chini ya jina lisilo lake twajua ubaya wa jambo hilo. Kwa hiyo twaleta azimio kwenu: fedha za maua yatakayouzwa kwa njia ya Chama ziandikwe kwa jina la yule aliyeyalima, awe mke, binti au bibi, naye apewe kitabu chake cha akiba.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Miaka 10 tumekusanya kinga za mashambani. Zile za uani bado ziko nje. Twawaombeni mnyanyue mikono, ili zipate kuingia.