Kasino za sarafu za kidijitali: siri hadi lini?

Baadhi ya kasino za sarafu za kidijitali humpokea mchezaji bila kumwuliza jina. Akishinda na kutaka kutoa fedha, ndipo anapodaiwa pasipoti. Hoja yao ina msingi: mhalifu huweza kuingiza fedha chafu, akacheza kidogo, kisha akazitoa zikiitwa ushindi. Lakini mbona ukaguzi usitangulie? Nchini Uingereza, tangu Mei 2019, kampuni za kamari mtandaoni zenye leseni hulazimika kuthibitisha jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa kabla ya mchezo. Tena usiri wenyewe ni mwembamba, kwani kila muamala wa Bitcoin hubaki katika daftari lililo wazi kwa wote. Anayeahidiwa siri mlangoni na aulize kwanza masharti ya kutokea.